Kesi ya Zawadi Isiyofunguliwa

Nchi ya Baina ilikuwa nzuri, ila iliwekwa mahali pabaya. Kaskazini ilipakana na Ghururi, dola ya milima mirefu na ya watu wenye shingo ndefu kuliko milima yao. Kusini ilipakana na Tamalaki, dola ya bandari na maghala, ambayo raia wake hawakupata kuona kitu kizuri bila kuuliza ni cha nani na kwa nini si chao. Kutoka Ghururi ulishuka mto Riziki, ulionywesha mashamba. Kwenda Tamalaki iliteremka barabara ya Haja, iliyoleta chumvi, nguo na chuma. Mtu wa Baina alipoamka alinawa uso kwa hisani ya jirani wa kwanza, akavaa kanzu kwa hisani ya jirani wa pili, na kabla hajafungua kinywa kusema lolote juu ya yeyote kati yao, tayari alikuwa na sababu mbili njema za kukifunga.

Majirani hao walichukiana kwa ustaarabu mkubwa. Hawakupigana wao kwa wao, maana vita huharibu bustani, na bustani zao zilikuwa za fahari. Walipendelea kugombana katika bustani za watu wengine. Kila mmoja alitaka Baina iwe rafiki yake, na ingawa hawakukubaliana juu ya jambo lolote chini ya jua, walikubaliana juu ya maana ya neno rafiki: ni mtu asiye na rafiki mwingine.

Katika mazingira hayo ndipo ilipozaliwa desturi iliyoitwa Ulinganifu, ambayo wageni waliicheka na wenyeji waliizoea, kama mtu anavyozoea kiatu kinachombana. Mabalozi wa dola mbili walipoitwa ikulu walikaa juu ya viti vya kimo kimoja, na seremala wa ikulu alijikunja chini ya meza na randa yake mkononi, tayari kupunguza mguu wa kiti endapo mmoja angeonekana amemzidi mwenzake. Mfalme akimwamkia huyu kwa maneno marefu, humwamkia yule kwa maneno marefu vilevile. Akicheka mzaha wa huyu, sharti acheke na wa yule. Ikatokea siku moja Balozi wa Ghururi akasimulia kisa cha kuchekesha, na mara tu baada yake Balozi wa Tamalaki akatangaza kifo cha mama mkwe wake. Mfalme, aliyekuwa mtu wa kushika desturi, akacheka. Masika mazima yalipita katika kumwomba radhi balozi yule, na vuli nzima ikapita katika kumwomba radhi mwenzake, ambaye alilalamika kwamba yeye hakuombwa.

Desturi ikashuka mpaka majumbani. Wenye wake wawili waliisifu hadharani na kuilaani faraghani. Wenye watoto mapacha walikonda. Mtu alipoulizwa sokoni kama papai hili ni tamu, alijibu kwamba hata lile jingine lina sifa zake. Usiwacheke sana, msomaji; watu waliokwisha kubanwa mlangoni hujifunza kuzungumza na pande zote za mlango.

Mwenye dhamana ya mambo haya alikuwa Bibi Insafu, Waziri wa Ulinganifu, mwanamke wa makamo, mkavu wa maneno, aliyeingia kazini na nywele nyeusi na sasa akizifunika kwa kitambaa. Hakula rushwa wala hakupendelea ndugu, na hilo ndilo lililomfanya awe wa hatari. Mla rushwa aliyepotea hurudishwa kwa bahasha. Mwadilifu aliyepotea hurudishwa na nini? Bibi Insafu alipima. Alipima viti, salamu, zawadi, pole na pongezi, na jioni alikwenda nyumbani akiwa amechoka kwa uchovu wa mtu anayeamini kwamba amefanya kazi.

Mwaka mmoja mvua ilisahau njia. Wilaya ya Ukavu, iliyoko juu ya uwanda, mbali na mto, ilikauka visima kimoja baada ya kingine. Ghururi, ambayo majasusi wake hufikisha habari kabla ya matarishi wa Mfalme, ikapeleka zawadi: pampu imara za kuvutia maji ya chini sana, kila moja ikisukumwa na watu wawili wanaotazamana. Zilikuja kwa ngoma na tarumbeta, na bendera ndefu kuliko msafara. Lakini sheria ya Ulinganifu ilisema kwamba zawadi ya dola moja haifunguliwi mpaka zawadi ya dola ya pili iwasili. Bibi Insafu akaagiza pampu ziwekwe ghalani, mlango upigwe lakiri, na Tamalaki ijulishwe.

Tamalaki ilijibu kwa lugha laini kwamba italeta bubujiko la marumaru, la kurusha maji juu kwa urembo, kwa ajili ya uwanja wa ikulu. Ghururi ikanung'unika kwamba marumaru ni nzito kuliko chuma cha pampu, basi usawa umevunjika. Tamalaki ikajibu kwamba zawadi hupimwa kwa uzuri, si kwa uzito. Ghururi ikauliza nani amesema pampu zake si nzuri. Mabalozi wakaitwa, viti vikarandwa, maneno yakapimwa, na mwishowe ikaamuliwa kwamba bubujiko lipunguzwe kimo. Fundi wa marumaru alikuwa mgonjwa. Bibi Insafu akasema tusubiri apone.

Wakati fundi akipona, Ukavu ilikuwa ikifa. Mkulima mmoja aitwaye Juhudi alifunga mapipa juu ya punda wake akateremka kuutafuta mto Riziki, na watu waliokutana naye njiani walimrudisha amelazwa juu ya punda yule yule, mapipa yakiwa makavu kila upande. Mkewe aliitwa Simanzi. Alimzika mumewe katika udongo mgumu uliokataa jembe, kisha akajifunga kitambaa kichwani akaenda mji mkuu kwa miguu, si kuomba rambirambi, bali kuuliza.

Alipofika akapokewa na Waziri Mdogo Papara. Huyu alikuwa kijana mwenye sauti nzuri na moyo usio mbaya, aliyeamini kwamba kila fundo lililomshinda kulifungua lilifungwa na msaliti. Kwa muda mrefu alikuwa akitaka Baina iachane na vichekesho vya viti na ifanye urafiki na dola moja tu, nayo Ghururi, "tujue tunalala wapi." Alipomsikiliza mjane alilia machozi ya kweli, kisha akayafuta, akaona ndani yake faida. Bibi Insafu akashtakiwa kwa kosa ambalo halikuwa limepata kuandikwa: kuua kwa kusubiri.

Mfalme wa Baina aliitwa Ajizi, na alilitendea haki jina lake. Alifurahi kusikia kwamba kuna kesi, maana kesi huamuliwa na mtu mwingine. Akatoa amri kwamba Insafu akionekana na hatia, atafukuzwa nchini, na Sheria ya Milango Miwili, ambayo ndiyo mama wa Ulinganifu, itaanguka pamoja naye. Baina itatia saini mkataba wa urafiki wa pekee na Ghururi, na barabara ya Haja itafungwa. Akionekana hana hatia, mambo yote yatabaki yalivyo, na pampu zitabaki ghalani zikingoja marumaru. Mkataba ukaandikwa kabisa, ukawekwa mezani, na kalamu ikawekwa juu yake. Hivyo hukumu moja ilibebeshwa mizigo miwili isiyofanana, na kila mwenye akili aliona kwamba kwa upande wowote itakaoangukia, kuna watu watakaolala na kiu au na pingu. Wenye akili, kama kawaida yao, waliliona hilo wakanyamaza.

Baraza likakaa katika ukumbi uitwao Bayana. Kadhi alikuwa Taamuli, mtu mwenye jino bovu, ambaye kwa sababu ya jino hilo hakupenda maneno mengi, na kwa sababu hiyohiyo watu walimdhania kuwa na busara kupita kiasi. Mabalozi wawili waliketi mbele. Wa Ghururi, Balozi Majivuno, alikaa kama mtu anayechorwa picha. Wa Tamalaki, Balozi Ulaini, alikaa kama mtu anayepima chumba aone meza yake itaingia wapi.

Papara akamsimamisha Simanzi.

"Waambie jina lako, mama."

"Simanzi, mke wa Juhudi."

"Mke, au mjane?"

Simanzi alimtazama. "Jibu unalijua, mwanangu. Unachotaka ni nilie."

Minong'ono ikapita ukumbini. Papara akakohoa, akaendelea. "Siku marehemu alipoondoka kwenda mtoni, pampu zilikuwa zimekwisha fika nchini?"

"Zilikuwa ghalani. Shemeji yangu ni mlinzi pale. Alikuwa akizifuta vumbi kila Ijumaa."

Bibi Insafu, aliyekuwa amesimama kizimbani, aliinamisha kichwa.

"Na leo unalitaka baraza hili likufanyie nini?" akauliza Papara.

"Linipe maji."

"Nina maana adhabu, mama. Huyu tumfanye nini?"

"Mnasema mtamfukuza. Mtamfukuzia wapi? Kwenye nchi yenye maji. Mnaiita hiyo adhabu? Basi nifukuzeni na mimi."

Watu wakacheka, kisha wakaona haya kwamba wamecheka. Kadhi Taamuli alishika shavu lake, akamgeukia mshtakiwa.

"Bibi Waziri, unakiri au unakana?"

"Nakiri, Mheshimiwa," alisema Insafu. "Nilipokea pampu nikazifungia. Habari za Ukavu zilinifikia, nikasema subirini. Sikusubiri kwa ubaya. Lakini huyu mama hakuuzika ubaya wangu; amemzika mumewe."

"Basi kesi imekwisha," alisema Papara, na mkono wake ukaelekea kule mezani penye mkataba.

"Imekwisha kwa mwenye haraka," alijibu Kadhi. "Keti, mwanangu. Bibi, nataka kujua jambo moja. Sheria ya Milango Miwili ilitungwa kwa nini? Sisemi inavyofuatwa. Nauliza ilitungwa kwa nini."

Insafu alitafuta jibu kama mtu anayetafuta kitu katika chumba ambacho hajakiingia miaka mingi.

"Baba yangu alikuwa mkulima wa mtama," alianza. "Wakati huo Baina ilikuwa na rafiki mmoja, Tamalaki, na urafiki wenyewe ulikuwa mtamu, sitasema uongo. Rafiki yetu akatuambia, mtama wa nini? Pandeni pamba, pamba yote tutanunua sisi, na nafaka mtanunua kwetu. Tukang'oa mtama. Tulivaa vizuri miaka ile, Mheshimiwa. Hata mbwa wetu walilalia nguo mpya. Kisha mfalme wao akagombana na ndugu yake wa tumbo moja juu ya urithi, wakafunga milango ya nchi yao mwaka mzima. Hawakutukasirikia sisi. Hawakutuwaza hata kidogo. Ndani ya Baina tukabaki na pamba mpaka darini, na hapana punje ya kula. Tulikuwa na pamba ya kutosha kuziba masikio tusisikie watoto wanavyolia. Wadogo zangu ni miongoni mwa hao waliolia. Walinyamaza mmoja baada ya mwingine."

Balozi Ulaini akatazama kucha zake.

"Walionusurika ndio waliotunga sheria. Nayo ilikuwa fupi: nyumba ya Baina iwe na milango miwili, ili mmoja ukifungwa tutokee kwa wa pili. Basi. Haikusema tuwapende majirani sawasawa. Haikusema chochote juu ya mapenzi. Viti, vicheko, lakiri za ghala, hayo tuliyaongeza sisi wenye ofisi, mwaka baada ya mwaka, kwa kuwa kupima kiti ni rahisi kuliko kupima hatari. Mimi nimeyapima mpaka nikasahau njaa niliyoiona kwa macho yangu. Pampu zilipokuja nilitakiwa kuzifungua siku ileile, niseme ahsante, na barabara niiache wazi. Niliogopa kununiwa. Ndilo kosa langu, na ni kubwa. Lakini ni langu, Mheshimiwa, si la sheria."

"Maneno mazuri," alisema Papara, akasimama tena, "lakini ni ya zamani. Tamalaki ilituumiza, nani anakataa? Ndiyo maana nasema tuwaache hao, tuwe na Ghururi. Ghururi ni ndugu. Ameona kiu yetu akaleta pampu bila kuombwa. Mkono ulio wazi kama huo, tunauwekea mashaka ya nini?"

Kadhi Taamuli akampungia Balozi Majivuno ainuke.

"Mheshimiwa Balozi, tukifungua pampu leo, na barabara ya Haja ikabaki wazi kama ilivyo, pampu hizo zitakuwa zetu?"

"Swali la ajabu," alisema Majivuno, akinyoosha shingo. "Zawadi ni zawadi. Nchi yangu haijui kurudisha mkono iliokwisha kuunyoosha."

"Nimefurahi. Na zikiharibika?"

"Mafundi wetu watakuja kuzitengeneza."

"Hata barabara ikiwa wazi?"

"Mafundi ni binadamu, Mheshimiwa. Huchoka kufanya kazi katika nyumba yenye wageni wengi."

"Na wahunzi wetu, wakitaka kujifunza vipuri vyake?"

"Vipuri hivyo ni vigumu kueleweka."

"Kwa nani?"

Majivuno aliketi. Papara alimtazama kwa uso wa mtu aliyenunua ng'ombe usiku na sasa kunapambazuka. Kadhi akamgeukia Balozi Ulaini, aliyekuwa akitabasamu kwa kuona mwenzake amebanwa.

"Usicheke bado, bwana. Tukifungua pampu leo, kabla ya marumaru yenu, chumvi itaendelea kupita barabarani?"

"Kwa nini isipite?" alisema Ulaini. "Sisi ni wafanyabiashara. Ila barabara ile, Mheshimiwa, huwa na matengenezo. Hutokea ghafla."

"Ni mwaka gani hayatokei?"

"Mwaka ambao mioyo yetu imetulia."

Safari hii hakuna aliyecheka. Watu wa Baina walikuwa wakiyajua hayo siku zote, kama mtu ajuavyo kwamba paa lake linavuja. Lakini kuambiwa na mvua yenyewe ni jambo jingine. Papara alikaa chini taratibu.

Kadhi alitoa hukumu kwa maneno machache, kwa hisani ya jino.

"Insafu ana hatia. Alipewa mlango akaufanya pambo, na mtu amefia nje. Anaondolewa uwaziri. Hatafukuzwa, kwa kuwa mjane amesema kweli juu ya adhabu hiyo. Atakwenda Ukavu pamoja na pampu, asukume mpini huko kama mtu mwingine yeyote, mpaka watu wa huko wamwambie inatosha. Pampu zifunguliwe leo. Moja wapewe wahunzi wetu, waifumue, waone tumboni mwake mna nini."

"Huo ni utovu wa adabu," alisema Majivuno.

"Ni zawadi, bwana mkubwa, umesema mwenyewe. Desturi ya Ulinganifu imekwisha. Seremala atoke chini ya meza. Lakini Sheria ya Milango Miwili inabaki, maana haikushtakiwa na mtu ila ilisukumwa kizimbani pamoja na mwenye kosa. Hatutafunga barabara ya Haja. Wenye kuifunga na waifunge wao, tuwajue. Mkataba ule uondolewe mezani."

Mfalme Ajizi alipoletewa hukumu aliuliza kama kuna njia ya kuikubali bila kuonekana ameikubali. Alipoambiwa hakuna, akatia muhuri, akaomba alale.

Ningependa kukuambia, msomaji, kwamba baada ya haki kutendeka mbingu zilifunguka na nchi ikastawi. Mimi ni mtu wa kupenda furaha, lakini nimekwisha ona nchi kadhaa. Pampu zilifika Ukavu, maji yakatoka, matope kwanza na kisha safi, na watu wakalia. Siku hiyohiyo barabara ya Haja ilianza matengenezo. Msafara wa chumvi ukasimama, na nchi nzima ikala mboga zisizo na ladha, ikamlaani Kadhi Taamuli kila mlo. Mafundi wa Ghururi nao, kama walivyoahidi, wakachoka. Wahunzi walioifumua ile pampu moja walishindwa kuirudisha ilivyokuwa, wakaanza upya, wakashindwa tena kwa namna nyingine, ambayo wao waliihesabu kuwa maendeleo. Na Papara, ambaye hakuweza kuishi bila jibu, alisikika akisema kwamba pengine rafiki wa pekee anayefaa, ukifikiri vizuri, ni Tamalaki.

Huko Ukavu Insafu alisukuma mpini. Alikuja na viganja vya kalamu vikachubuka, vikapona, vikachubuka tena. Aliyesukuma naye upande wa pili alikuwa kijakazi mmoja mzito wa maneno. Simanzi alikuja kila siku na ndoo yake, akajaza, akaondoka, bila kumtazama aliyemjazia. Hakumtukana. Insafu alitamani angemtukana.

Siku moja mwenzake aliugua, na foleni ikawa ndefu na mpini wa pili hauna mtu. Watu wakatazamana. Simanzi aliweka ndoo chini, akaja, akaushika.

"Sijakusamehe," alisema.

"Najua, dada."

"Nakwambia tu usije ukafikiri. Sukuma."

Wakasukuma. Baada ya muda, pumzi zilipokuwa zimewapaa, Simanzi akasema, "Jana nimepika kunde bila chumvi. Hata mbwa amenitazama vibaya. Na wewe bado unasema rafiki mmoja hafai? Huyu wa maji angalau ametupa maji."

"Ametupa maji leo. Akijua kwamba hatuna pengine pa kwenda, kesho atatuuzia kwa bei ya roho."

"Roho ya nani? Yangu ilikwisha kuuzwa." Lakini hakuuacha mpini, na siku iliyofuata, ingawa yule kijakazi alikuwa amepona, alikuja tena.

Matengenezo yakaendelea. Ikulu nayo ikaishiwa, na Mfalme Ajizi, aliyevumilia mengi maishani lakini hakuweza kuvumilia mchuzi chapwa, akatangaza kwamba watu wa Ukavu, walioumia kuliko wote, ndio waseme kama mkataba wa Ghururi urudishwe mezani. Watakalolikubali wao atalitia muhuri. Haukupita muda Balozi Majivuno akapanda uwandani mwenyewe, na nyuma yake msafara wa punda waliolemewa na magunia. Ndani ya magunia mlikuwa na chumvi ya mawe kutoka milimani, ambayo Ghururi ilikuwa nayo siku zote wala haikupata kuitaja.

Foleni ya maji ilikuwa ndefu kuliko kawaida. Majivuno alisimama mbele yake, akakohoa, lakini hakumhutubia Insafu; alimwona, akampita kwa macho. Alimwendea Simanzi.

"Mama, wewe ndiye uliyeumizwa na ukaidi wa hawa wakubwa. Nchi yangu imesikia kwamba hata chumvi hamna. Haya yote ni yenu, na mengine yatakuja kila mwezi, bila malipo, maisha yenu yote. Tunaomba jambo dogo. Sema mbele ya watu wako kwamba barabara ya Haja ifungwe moja kwa moja. Wao wamekwisha kuwafungieni, mtapoteza nini?"

Watu wote wakamtazama Simanzi. Wengine walikuwa wakimeza mate, maana mdomo wa gunia moja ulikuwa wazi, na chumvi iling'aa. Insafu alikuwa na maneno mengi ya kusema, yote ya haki na yote yamepangwa vizuri kichwani. Akayaona si yake kuyasema, akaushika mpini kwa nguvu ili mikono yake ipate kazi.

Simanzi alilisogelea gunia. Alichukua punje, akaiweka ulimini, akafumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa yamelowa kidogo, na sijui kama ni kwa sababu ya ladha au kwa sababu ya mtu ambaye hakuwepo kuionja.

"Ni kali," alisema, "lakini ni chumvi. Kibaba kimoja shilingi ngapi?"

"Hujanielewa, mama. Haiuzwi. Ni zawadi."

"Nimekuelewa. Mume wangu alikufa kwa ajili ya zawadi. Kama haiuzwi, irudishe."

Majivuno alitazama magunia, akawatazama punda waliochoka, akaitazama njia yote ile ya kupanda milima na mzigo uleule. Nyuma ya Simanzi watu walikuwa wameanza kutoa vibaba vyao vya kupimia nafaka, kimyakimya, wakivishika mbele yao. Insafu aliendelea kusukuma upande wake, na mtu mwingine alikuwa amekwisha kuchukua upande wa pili.

Balozi wa Ghururi alinyoosha shingo mpaka ikafika mwisho wake, kisha ikarudi. Akataja bei.

"Punguza, bwana," alisema Simanzi. "Matengenezo yakiisha wenzako wa Tamalaki watarudi, na wao hawapimi kwa kiburi."

Balozi akapunguza.